Kazi Isiyopigiwa Makofi

Mtu aendapo kutazama mchezo wa kuigiza huketi kitini, husubiri taa zizimwe na pazia lifunguliwe, akadhani kwamba kazi ndiyo kwanza inaanza. Kumbe sehemu iliyo kubwa imekwisha fanyika. Kanzu aliyovaa mfalme ilipimwa na kushonwa siku nyingi nyuma. Upanga wake ni ubao uliopakwa rangi ya fedha. Na kando ya jukwaa, gizani, yupo mtu aliyeshika daftari lenye maneno yote ya mchezo, akifuata mstari kwa mstari ili mchezaji akisahau amnong'oneze. Yupo wa taa, yupo wa pazia, yupo na yule ambaye kazi yake ni kuona kwamba barua itakayosomwa iko mezani kabla mchezaji hajaanza kuitafuta mbele ya watu. Wakifanya vema hapana awajuaye. Wakikosea, ukumbi mzima hucheka.

Desturi ni kuificha kazi hiyo. Lakini hapa Afrika ya Mashariki palikuwa na kijiji kilichoifanya mchana kweupe, mbele ya kila apitaye, na yaliyofuata yafaa yakumbukwe na kila mtu anayeiona kazi ya nyuma ya pazia kuwa ni uchukuzi tu.

Kijiji hicho ni Kamiriithu, katika Limuru, nchini Kenya. Kituo cha elimu na utamaduni cha wanakijiji kiliwaomba Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waandike mchezo kwa Kigikuyu, nao wakaandika Ngaahika Ndeenda, ambao kwa Kiswahili huitwa Nitaolewa Nikipenda. Maneno yalipatikana, lakini pa kuyasemea hapakuwapo: palikuwa na kiwanja kitupu tu. Basi kikundi cha vijana, wakiongozwa na tarishi wa ofisi, walipanga njiti za kiberiti chini ardhini wakitafuta umbo la jukwaa. Kutoka njiti wakafanya mfano mdogo, na kutoka mfano huo wanakijiji wakajenga kitu chenyewe: jukwaa la nusu duara lililoinuliwa, ukuta wa mianzi nyuma yake, na nyuma ya ukuta nyumba ndogo ya vyumba vitatu ya kuwekea vyombo na kubadilishia nguo. Viti vilipanda kama ngazi, vya kutosha watu wapatao 2,000. Paa halikuwapo.

Mazoezi yalifanywa zaidi Jumamosi na Jumapili alasiri, kwa kuwa siku nyingine watu walikuwa kazini. Kwa vile uwanja ulikuwa wazi, kila aliyependa alisimama akatazama, na aliyetazama hakunyamaza. Aliona mzee wa kuigizwa hasemi kama wazee wasemavyo, akasema. Aliona mchezaji hashiki jembe sawasawa, akaja kumwonyesha. Nyimbo za arusi zilifundishwa kwa subira na bibi mmoja asiyejua kusoma. Aliyepata kuongoza mchezo wa shule anajua jinsi udakizi wa namna hiyo unavyochosha, na hapana budi tumsifu Kimani Gecaũ, aliyeuongoza mchezo ule, kwa kuukubali.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba, 1977. Tarehe 16 Novemba kibali kikafutwa. Mwisho wa mwaka Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akawekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa hadi Desemba, 1978.

Wanakijiji hawakukoma. Walitayarisha mchezo mwingine wenye nyimbo nyingi, Maitũ Njugĩra, yaani Mama Niimbie, wakusudie kuuonyesha katika ukumbi wa taifa mjini Nairobi mwezi wa Februari, 1982. Walipofika walikuta milango imefungwa. Wakaendelea na mazoezi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na watu wakamiminika kwa maelfu kutazama mazoezi hayo, hata nayo yakapigwa marufuku. Mchezo huo haukupata usiku wake wa ufunguzi. Kila aliyeuona aliona maandalizi tu, na maandalizi hayo yakawatosha.

Mwezi wa Machi mwaka ule ule kituo kilifutiwa usajili, na polisi wakaja Kamiriithu kulibomoa jukwaa. Hapo ndipo penye kufikiriwa. Mchezo wa kwanza ulikuwa umekwisha chapwa kitabu tangu mwaka 1980, na kitabu hakivunjwi kwa nyundo. Kilichovunjwa ni mbao, mianzi na vile vyumba vitatu vya kubadilishia nguo. Waliotoa amri walikuwa wameelewa jambo ambalo wapenzi wengi wa michezo hawajalielewa: kwamba mahali watu wanapojifunza kujenga, kushona, kuimba na kusahihishana pana nguvu kuliko saa mbili za maonyesho. Ngũgĩ wa Mirii na Kimani Gecaũ walihamia Zimbabwe.

Mwezi wa Mei, 2022, Ngaahika Ndeenda ulichezwa tena Nairobi, katika ukumbi ule ule uliofungwa milango miaka arobaini nyuma. Ngũgĩ wa Thiong'o alifariki tarehe 28 Mei, 2025, na jina lake likatajwa dunia nzima. Majina ya waliofunga mianzi ya Kamiriithu wanayajua jirani zao.