Jino Linapogeuka Mfupa

Je, wajua kwamba jino lililong'oka kwa ajali, likarudishwa mahali pake na kushika vizuri, linaweza kuliwa polepole na mwili wenyewe mpaka mzizi wote ukawa mfupa?

Barabara ya kutoka Kasese, Uganda, kupitia Bwera hadi Mpondwe, mpakani na Kongo, ina zaidi ya kilomita 50, na bodaboda hazipumziki humo. Abiria akirushwa chini, meno ya mbele ya juu huwa hatarini zaidi. Jino likitoka zima, wengi hulitupa. Wanaolirudisha wanafanya jambo la busara, ila hapo ndipo mla mfupa anapoingia.

Anaitwa osteoklasti: seli kubwa yenye viini vingi, iliyozaliwa na seli za ukoo wa damu zilizoungana. Tusimwite adui. Hubomoa mfupa mkongwe ili mpya ujengwe, na nduguye wa karibu sana ndiye anayeyeyusha mizizi ya meno ya utoto hadi yakalegea. Lakini hali asichoweza kukishika. Kama kupe kwenye ngozi ya ng'ombe, lazima ajigandishe kwanza. Akishaziba pembe zote, humwaga asidi ya kuyeyusha madini, kisha vimeng'enya vya kukata nyuzi za kolajeni.

Hujigandisha kwa kutumia protini za mfupa, hasa osteopontini na sialoprotini ya mfupa. Ndani ya kila moja mna asidi amino 3 zilizofuatana, yaani ajinini, glisini na asidi aspatiki, ambazo vipokezi vya osteoklasti huzitambua. Protini hizohizo zimo pia katika sementi, tabaka jembamba linalofunika mzizi wa jino. Mbona basi meno yetu hayaliwi kila siku? Kwa sababu kati ya mzizi na taya kuna utando wa nyuzi, unene wake kama robo ya milimita, uliojaa seli hai, na uso wa sementi chini yake una ganda ambalo bado halijaingia madini. Osteoklasti hapati pa kushika.

Jino likikauka vumbini, seli za utando hufa na kinga hiyo hutoweka. Madini na protini za mzizi hubaki wazi, na mlaji huona mfupa tu. Nyuma yake huja seli wajenzi, wakijaza mfupa kila alipokula. Hakuna maumivu. Daktari akiligonga husikia mlio mkali usio wa kawaida, na kwa mtoto anayekua jino hilo huonekana kuzama, kwani wenzake wanashuka pamoja na taya nalo limenata.

Dawa ya kuzifuta protini hizo ingekuwa rahisi kubuni, mtu angedhani. Mwaka 2008 watafiti wa Japani walionyesha kwamba mizizi ya meno ya panya wasio na osteopontini, ikisukumwa kwa nguvu, huliwa kidogo kuliko ya panya wa kawaida. Lakini panya wasio na sialoprotini ya mfupa hutengeneza sementi mbovu, na mizizi yao huliwa zaidi! Protini inayomshikilia mlaji ndiyo inayojenga ukuta. Kwa maoni yangu, tiba ya kweli bado ni saa.

Mwaka 1966 Jens Andreasen na mwenzake wa Denmark walichapisha matokeo ya meno 110 yaliyorudishwa: katika yale yaliyorudi ndani ya nusu saa, 90% hayakuliwa; katika yaliyokaa nje zaidi ya saa 2, 95% yaliliwa. Kwa hiyo shika taji, yaani sehemu ya jino inayoonekana kinywani, usisugue mzizi, lirudishe papo hapo kama ni jino la ukubwani. Ikishindikana, litie kwenye maziwa. Kasese, nchi ya wafugaji wa Kisongora, hayo hayakosekani, ila yawe matamu: ya mgando yana asidi, na maji matupu huzipasua seli.

Na kwa mtoto ambaye jino lake limeshanata, madaktari wa Sweden walitoa mbinu mwaka 1984: hukata taji, hufunika mzizi kwa ufizi, na kumwacha osteoklasti ale hadi mwisho. Mfupa unaobaki hulinda kimo cha taya mpaka mtoto akue na kuwekewa jino bandia.