Matema: Chimbo Ambalo Wakubwa Walilikimbia

Oya wana wa Mwanjelwa, na nyie wazee wa makoti wa Iringa, naomba dakika. Kila sikukuu ikinukia, stori za kijiweni ni Zenji tu. Msela anajichanga mwaka mzima, anakata basi mpaka Dar, anapanda boti, siku mbili mkwanja umekata, anarudi na picha kali na madeni makali zaidi. Huku Nyanda za Juu tumekalia chimbo letu na wengi hatujawahi kulikanyaga: Matema, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilaya ya Kyela.

Safari yenyewe tayari bata. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, ziwa liko chini ya mita 500, kwa hiyo sehemu kubwa ya safari ni kuteremka. Unatoka Uyole na koti, Tukuyu unapokelewa na mvua, chai na migomba. Ukianza kuona kakao na mpunga, ujue Kyela imeingia na koti limeshafungwa kiunoni. Pale Kikusya unakata kushoto kwenda Ipinda, lami kilomita 39 mpaka Matema. Wana wa Iringa mna kipande kirefu: Mafinga, Makambako, Igawa, ndipo mfike Uyole. Laleni Mbeya, msijitese.

Sasa kwa nini mji mdogo hivyo unadatisha watu? Anza na stori yake. Mwaka 1893 Mjerumani Hermann von Wissmann alianzisha boma Lumbira, mwambao wa kaskazini-mashariki wa ziwa hilohilo, akaliita Langenburg. Pale ndipo ilipokuwa serikali: bendera, askari, mafaili na meli iliyobeba jina lake mwenyewe. Haikudumu. Joto na homa za ziwani viliwashinda, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 20 wakubwa walishabeba mafaili kupanda mlimani, kwenye kibaridi cha Tukuyu. Ndiyo maana ramani za zamani zinaiita Tukuyu Neu-Langenburg.

Meli nayo ilikuwa na sinema yake. Nahodha wake na nahodha wa meli ya Waingereza, Gwendolen, walikuwa washkaji wa kupiga vyombo pamoja. Tarehe 13 Agosti 1914, Mwingereza akaibuka Liuli, kusini zaidi mwa ziwa, akafyatua mzinga. Meli ya mwenzake ilikuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo, na mwenyewe hana hata habari kwamba vita vimeanza. Ushkaji ukafia hapo.

Serikali ilipohama, mwambao ukabaki na wenyewe: Wanyakyusa na mpunga wao, Wakisi na vyungu vyao, na kanisa la Kilutheri lililotokana na wamisionari wa Berlin. Mimi naona utamu wote umelala hapo. Matema haikujengwa ikusubiri wewe mtalii. Ina ratiba yake, na wewe ndiye unajipanga. Jumamosi nenda Lyulilo, karibu tu kwa kufuata ufukwe, ni siku ya soko. Kinamama wa Kikisi wanatoka Ikombe na vyungu ndani ya mitumbwi. Wanavifinyanga kwa mkono, hakuna mashine, halafu vinachomwa moto wa wazi. Vyungu hivyohivyo vinapanda magari mpaka masoko ya Mbeya, na mama yako huenda anapikia maharage kimoja bila kujua kimetoka wapi.

Msosi haunaga longolongo: mchele wa Kyela wenye harufu yake, usipa wa kukaanga, mbasa wa kuchoma ukimkuta, na ndizi mbalaga. Nyuma yako Milima ya Livingstone imesimama wima, jua linachelewa kuivuka, kwa hiyo asubuhi ni kivuli na maji yaliyotulia. Na wenye hamu ya kwenda mbele zaidi, kuna MV Mbeya II, ilianza kubeba abiria 2021, inafuata mwambao mpaka Mbamba Bay. Ratiba uliza bandarini kabla hujafunga begi.

Kuhamia je? Hapo tuchanane ukweli. Mbu wa Kyela hawatanii, Aprili mafuriko ni kitu cha kawaida, na kusi ikivuma kati ya Mei na Agosti mtumbwi hauchezewi. Vijana wengi wa kule wanapanda Mbeya kutafuta mchongo, na wana sababu. Kama kazi yako inahitaji bando na umeme wa uhakika, jaribu wiki kadhaa kwanza kabla hujauza kitanda cha geto. Ila kama mishe yako ni samaki, kakao au kupokea wageni, mji mdogo unakupa kitu ambacho Kabwe ya Mbeya haikupi: ndani ya muda mfupi unajulikana kwa jina, na watu wanajua ukiumwa.

Kwa hiyo ukienda, nenda kistaarabu. Salimia wakubwa kwa Kinyakyusa, "ugonile" inafungua milango mingi. Chungu nunua kwa bei ya mama aliyekifinyanga, usimkabe koo kwa buku mbili wakati simu mfukoni ni laki sita. Omba ruhusa kabla hujampiga mtu picha. Lala ndani ya neti. Na ile spika kubwa iache geto: wavuvi wa usipa wanapiga kazi usiku kwa taa, mchana ndio wanalala. Ukiwaamsha na singeli saa sita mchana, jioni usishangae bei ya samaki ikipanda kwa ajili yako peke yako.