Eti Kabambare hatuna msomaji hata mmoja? Namna programu inavyohesabu, na namna ya kuielekeza

Ile siku tuliuliza swali moja tu: mwezi huu watu wangapi wa Kabambare wamesoma habari zetu kwenye intaneti? Tulimuuliza wakala wa akili bandia. Ni programu unayoiandikia swali kwa maneno ya kawaida, nayo inaenda yenyewe kufungua chombo cha kuhesabia wageni wa tovuti, inatafuta, inarudi na jibu. Alirudi mbio: sifuri. Kasongo wachache sana. Karibu wote, akasema, wako Kinshasa.

Kumbe wiki hiyohiyo mama mmoja alitupigia simu toka Salamabila, akatugombeza juu ya jina la kijiji tuliloandika vibaya. Sasa yeye alisoma wapi?

Hatukucheka sana. Wanaosaidia redio za jamii wanapenda kuona hesabu. Karatasi ikisema Kabambare hakuna msomaji, mtu wa ofisini kule mbali anaweza kuona hakuna haja ya kuandika habari za barabara iliyokatika ao za familia zilizokimbia.

Lakini wakala hakudanganya. Aliona safu yenye neno "mji", akahesabu. Hakuna aliyemwambia kwamba chombo chenyewe hakijui mji. Kinaona anwani ya intaneti, yaani namba ambayo kampuni ya simu inatumia kukuingiza kwenye mtandao, na kwa namba hiyo kinabahatisha pahali ulipo. Kwa simu za mkononi, namba hizo mara nyingi zinaonekana kama za mji mkuu, hata kama mwenye simu amekaa kando ya mto Luama.

Neno "mgeni" nalo lina mtego. Chombo kinahesabu simu ao kompyuta, hakihesabu watu. Mwenye simu mbili anaweza kuwa wageni wawili. Simu moja inayosomwa na nyumba nzima ni mgeni mmoja. Ukinakili habari ukaituma kwa kundi la WhatsApp, watakaoisoma pale hawahesabiwi kabisa. Na mtandao ukiwa mlegevu (sisi tunaujua!), maneno yanaweza kufika, kale kaprogramu ka kuhesabu kasifike, ukabaki umesoma bila kuonekana.

Na saa. Maniema tunafuata saa ya Lubumbashi, masaa mawili mbele ya ile ya UTC ambayo kompyuta nyingi zinatumia. Chombo kisipopangwa vizuri, habari uliyosoma saa saba na nusu usiku wa kuamkia Jumanne kinaiandika Jumatatu.

Ni sawa na mchele wa soko la Kasongo. Mgeni akiambiwa bei ya kopo moja, bado hajajua kitu mpaka aulize: ni kopo la kusawazisha ao la kuweka kilima juu? Mwenye kuzoea soko anajua bila kuuliza. Wakala ni yule mgeni, tena ni mgeni asiyeona haya: hata asipojua, anajibu.

Ndiyo maana watengeneza vyombo hivi wameanza kuandika maelezo kwa ajili ya mawakala wenyewe. Kuandikia mashine si jambo la leo. Mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza faili ya robots.txt, ya kuambia roboti kurasa gani zisiguse. Septemba 2024 Jeremy Howard akapendekeza llms.txt, faili ya maandishi matupu, bila rangi wala picha, ya kuonyesha programu za akili bandia maelezo muhimu ya tovuti yako pahali yalipo.

Maelezo ya namna hii hayafanani na yale ya mtu. Mtu unamwambia "bonyeza kitufe cha kijani". Wakala anahitaji jina kamili la kila hesabu, maana yake na, kwangu hili ndilo kubwa, kile ambacho hesabu hiyo haiwezi kusema. Tena aandikiwe ruhusa yake inaishia wapi. Lakini hapo usitegemee maandishi peke yake: mpe ufunguo wa kusoma tu, asiweze kufuta.

Sisi tuliongeza mistari michache: mgeni si mtu, mji ni wa kubahatisha, usiutumie kulinganisha teritware, saa ni ya Lubumbashi, ukikosa jibu, sema umekosa.

Tukauliza tena swali lilelile. Safari hii alijibu kwamba chombo hiki hakiwezi kuonyesha wasomaji wa Kabambare, na kwamba ile sifuri isiandikwe kwenye ripoti. Kwa hiyo tumerudia daftari: kila anayepiga simu juu ya habari aliyosoma, tunaandika teritware yake na siku, basi, jina hatuandiki. Mstari wa kwanza ni yule mama wa Salamabila.