Kumkumbuka H. Taylor Howard: Dishi la Nyumbani, Hundi Iliyorudishwa na Swali la Umiliki wa Mawimbi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua mchango wa H. Taylor Howard, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, katika kuanza kwa televisheni ya setilaiti ya majumbani. Kumbukumbu nyingi humtaja kuwa mtu wa kwanza kupokea matangazo ya setilaiti kwa mtambo aliojiundia nyumbani. Makala yanaonesha kuwa sifa hiyo ya utangulizi ina utata na haitoshi kueleza umuhimu wake. Hoja kuu ni kwamba Howard anastahili kukumbukwa zaidi kwa mambo mawili aliyoyafanya baada ya picha kuonekana: alijaribu kulipia alichokitazama, kisha akayachapisha maarifa yake ili wengine wayatumie. Mambo hayo yaliibua swali ambalo sheria ya Marekani ilichukua miaka kadhaa kulijibu: je, mawimbi yanayoshuka juu ya paa la mtu ni mali ya nani?

1.0 Utangulizi

Dishi la setilaiti limezoeleka mno katika miji ya Afrika Mashariki kiasi kwamba si rahisi kulihesabu kuwa ni kitu chenye historia. Nchini Tanzania watu wengi huliita ungo, jina lililotokana na umbo lake. Hata hivyo, kifaa hicho hakikubuniwa mwanzoni kwa ajili ya kaya. Katika miaka ya 1970 kupokea mawimbi ya setilaiti ilikuwa kazi ya mashirika ya simu, ya kampuni za utangazaji na ya serikali. Kituo cha Longonot nchini Kenya, kilichoanza kazi mwaka 1970, ni mfano wa karibu wa vituo vya aina hiyo: dishi kubwa, wahandisi wa zamu na kibali cha dola.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: dishi lilitokaje katika mikono ya taasisi likaingia uani kwa mtu binafsi? Jibu lina upande wa fizikia, upande wa sheria na upande wa uamuzi wa watu. Maisha ya Howard yanagusa pande zote tatu.

2.0 Misingi ya Kiufundi

Mwaka 1945 Arthur C. Clarke alieleza kuwa chombo kikizunguka dunia juu ya ikweta, katika kimo cha takriban kilomita 36,000, kitamaliza mzunguko mmoja kwa muda uleule ambao dunia hujizungusha. Kwa mtazamaji aliye ardhini, chombo hicho huonekana kimesimama mahali pamoja. Sifa hii ndiyo iliyoliwezesha dishi la nyumbani, kwa sababu hulielekezwa mara moja tu na halihitaji mitambo ya kufuatilia mwendo wa setilaiti.

Ugumu ulikuwa katika udhaifu wa mawimbi. Setilaiti za kibiashara za wakati ule, kama Satcom 1 iliyorushwa Desemba 1975, zilitumia takriban wati tano kwa kila chaneli, nguvu ndogo kuliko ya balbu ya kawaida. Nguvu hiyo ilitawanywa juu ya sehemu kubwa ya bara zima. Kwa hesabu, dishi lenye kipenyo cha mita nne na nusu lilikusanya sehemu chache tu za wati moja iliyogawanywa mara trilioni. Dishi likiongezwa kipenyo mara mbili, eneo la kukusanyia huongezeka mara nne. Ndiyo maana wataalamu wengi waliamini kuwa mpokeaji hana budi kuwa na dishi kubwa sana na la gharama kubwa.

Yapo mambo mawili yaliyompunguzia mzigo fundi wa nyumbani. Kwanza, mawimbi ya bendi ya C, yenye masafa ya takriban gigahezi nne, yana urefu wa kama sentimita saba na nusu. Uso wa dishi ukiwa na kasoro za milimita chache haupotezi sana nguvu, na hata wavu wa waya wenye matundu madogo huyaakisi mawimbi kama bati. Pili, ubora wa picha hautegemei ukubwa wa dishi peke yake, bali hutegemea pia utulivu wa kikuza mawimbi cha kwanza, yaani kiasi cha mngurumo ambacho kifaa chenyewe hukiongeza. Kikuza mawimbi kitulivu huweza kufidia upungufu wa dishi.

Howard alikuwa na ujuzi wa jambo hilo hasa. Utafiti wake ulihusu mawimbi ya redio yaliyotoka kwenye vyombo vya anga. Aliongoza jaribio la kupima uso wa Mwezi kwa mawimbi yaliyotumwa kutoka vyombo vya Apollo na kuakisiwa hadi duniani, na alishiriki katika uchunguzi wa Zuhura na Zebaki kwa mawimbi ya Mariner 10. Kwa mtu aliyezoea kutafuta ishara hafifu kutoka sayari nyingine, matangazo ya setilaiti hayakuwa dhaifu kiasi cha kukatisha tamaa.

3.0 Utata wa Sifa ya Utangulizi

Mwaka 1976 Howard, ambaye makazi yake yalikuwa San Andreas katika jimbo la California, alifanikiwa kupokea matangazo ya bendi ya C kwa mtambo aliouunda mwenyewe. Kwa sababu hiyo huitwa mwanzilishi wa dishi la nyumbani. Hata hivyo, kabla yake Stephen Birkill wa Sheffield, Uingereza, alikuwa amepokea picha za setilaiti ya ATS-6 kwa sahani ya kujiundia.

ATS-6 ilikuwa setilaiti ya majaribio ya Marekani. Kati ya Agosti 1975 na Julai 1976 ilitumika kurusha vipindi vya elimu kwa vijiji takriban 2,400 vya India. Kwa ajili ya kazi hiyo iliwekwa kwenye nyuzi 35 mashariki, yaani juu ya magharibi mwa Kenya, si mbali na usawa wa Kisumu. Hivyo basi, vipindi vya wanakijiji wa India vilishuka kutoka anga ya Afrika Mashariki, na sehemu ya mawimbi yake ikafika hadi kaskazini mwa Uingereza.

Je, mafanikio ya Birkill yanaifuta sifa ya Howard? Jibu la makala haya ni hapana, kwa sababu matendo hayo mawili hayafanani. ATS-6 iliundwa iwe na nguvu kubwa kwa makusudi, ili vijiji vitumie sahani za wavu za mita tatu; isitoshe, vipindi vyake havikuwa vikiuzwa. Howard alipokea mawimbi dhaifu zaidi, tena ya bidhaa ya kibiashara iliyokusudiwa kampuni za kebo peke yake. Birkill alithibitisha kuwa mtu binafsi anaweza kupokea. Howard, kwa upande wake, alilazimika pia kuuliza kama ana haki ya kupokea.

4.0 Hundi ya Dola 100

HBO ilianza kusambaza vipindi kwa setilaiti tarehe 30 Septemba 1975, kwa pambano la ngumi kati ya Muhammad Ali na Joe Frazier lililopiganwa Manila. Setilaiti ilitumika kuvifikisha vipindi kwenye vituo vya kebo, navyo vikavisambaza kwa wateja wao. Mtazamaji aliyevipokea moja kwa moja hakuwamo katika mpango huo.

Howard aliiandikia HBO na kuambatanisha hundi ya dola 100 kulipia filamu alizozitazama. Hundi ilirudishwa, kwa maelezo kuwa kampuni hiyo hushughulika na kampuni kubwa za kebo, si na mtu mmoja mmoja.

Tukio hili dogo lina uzito kwa mtafiti wa historia ya mawasiliano. Katika mabishano yaliyofuata, wenye madishi waliitwa wezi wa matangazo. Hundi hii inaonesha kuwa hapo mwanzo mpokeaji alikuwa tayari kulipa, na aliyekosekana ni muuzaji. Wizi huhitaji mwenye mali aliyenyimwa haki yake. Hapa mwenye mali aliletewa malipo akayakataa. Kwa hiyo, mgogoro haukutokana na uchoyo wa watazamaji pekee, bali pia na biashara ambayo haikuwa na nafasi kwa mteja wa aina mpya.

5.0 Mwongozo, Kampuni na Chama

Howard hakuishia kutazama. Aliandika mwongozo wa kuunda mtambo wa bei nafuu, wenye michoro ya saketi, nao ukasambaa kwa mafundi na wapenzi wa redio. Mwaka 1980 yeye na Robert Taggart walianzisha kampuni ya Chaparral Communications, iliyojulikana kwa vifaa vya kupokelea vinavyowekwa kwenye kitovu cha dishi, pale mawimbi yanapokutanishwa. Aidha, alikuwa miongoni mwa waasisi wa SPACE, chama kilichotetea wenye madishi.

Mazingira ya kisheria nayo yalikuwa yakibadilika. Oktoba 1979 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani iliondoa sharti la leseni kwa vituo vya kupokea tu. Mwaka huohuo duka la kifahari la Neiman Marcus lilitangaza dishi kwa dola 36,500. Tofauti kati ya bei hiyo na mtambo wa kujiundia inaonesha thamani ya mwongozo wa Howard: bila maarifa kuwekwa wazi, dishi lingebaki pambo la matajiri.

6.0 Kutoka Uwazi hadi Usimbaji

Sheria ya kebo ya mwaka 1984 iliruhusu wananchi kupokea nyumbani matangazo ambayo hayajasimbwa, kwa masharti. Kampuni zilijibu kwa kuyasimba. Kuanzia Januari 1986 HBO ilisimba matangazo yake muda wote, na mwenye dishi akalazimika kununua king'amuzi na kulipa ada. Mwaka 1994 DirecTV ilianza huduma kwa vidishi vya takriban sentimita 45, na dishi kubwa likapoteza nafasi yake ya awali nchini humo.

Matokeo haya yana kinaya. Mfumo uliokuja kushinda ni uleule ambao Howard aliupendekeza kwa hundi yake: mtazamaji wa nyumbani kumlipa mtangazaji moja kwa moja. Yapata miaka kumi ilipita kabla ya pendekezo hilo kugeuka biashara ya kawaida.

7.0 Hitimisho

Howard alifariki Novemba 2002 katika ajali ya ndege ndogo huko Calaveras, California. Makala haya yameonesha kuwa kumkumbuka kwa neno "wa kwanza" pekee kunamsahau Birkill na kunapunguza uzito wa Howard mwenyewe. Mchango wake wa kudumu ni kuunganisha ujuzi, uaminifu na uwazi wa maarifa. Kwa watafiti wa Afrika Mashariki, ambako televisheni ya Tanzania Bara ilianza mwaka 1994, mwaka uleule wa vidishi vya DirecTV, historia ya jinsi ungo ulivyoingia majumbani bado inahitaji kuandikwa. Inapendekezwa kuwa utafiti huo usiishie kwenye kampuni na leseni, bali uwatafute pia mafundi waliounda, waliorekebisha na waliofundisha wenzao, kwani wao ndio waliofanya teknolojia ya taasisi iwe chombo cha kaya.