Tabibu Akihama, Nani Abaki Zahanati?

Sisi wa mashamba ya chai tunajua kwamba si kila mwenye koti jeupe ni daktari. Anayetupima mara nyingi ni tabibu au muuguzi, naye hutibu kila kitu, kuanzia malaria hadi mguu uliokatwa na panga.

Marekani nako wako wa namna hiyo, wa aina mbili. Mwaka 1965 Dr. Eugene Stead wa Chuo Kikuu cha Duke alianza kufundisha matabibu wasaidizi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 4, waliopata kuhudumia wagonjwa katika jeshi la majini. Mwaka huo huo, Colorado, muuguzi Loretta Ford na Dr. Henry Silver walianza kuwapa wauguzi mafunzo ya juu ya kupima na kutibu watoto. Sababu ilikuwa moja: madaktari wa tiba ya kawaida walikuwa haba.

Wanatofautiana katika kuchagua fani. Muuguzi huchagua angali chuoni: familia, watoto, magonjwa ya akili na kadhalika. Akitaka kuhama, kwa kawaida hurudi darasani na kufanya mtihani mwingine. Tabibu msaidizi hufunzwa tiba ya jumla, na cheti chake ni cha jumla. Leo yuko na daktari wa upasuaji, mwakani yuko kwenye magonjwa ya ngozi, akijifunza kazini. Nauonea wivu uhuru huo. Mimi nilipoomba kutoka kwenye tanuri kwenda kuchambua chai, nyapara aliniambia nianze na mshahara wa kibarua, na miaka yangu 9 ikahesabiwa bure.

Lakini anayehama hufuata mshahara, tena wengi wao hutoka chuoni na deni zito. Upasuaji na ngozi hulipa kuliko tiba ya kawaida. Basi leo ni kama robo tu ya matabibu wasaidizi walio katika tiba ya kawaida, ile ile iliyowafanya waanzishwe. Kwa wauguzi, kama 7 kati ya 10 wana cheti cha familia, ingawa si wote wanaobaki huko.

Simlaumu tabibu. Naye ni mfanyakazi, ana watoto. Lakini anayepanga ujira, akimlipa mtibu chunusi kuliko anayetibu homa ya mtoto, asishangae zahanati ikibaki na kufuli mlangoni.

Tukikaa na mwajiri juu ya mkataba, kwenye fungu la zahanati huwa tunauliza habari za dawa tu. Safari ijayo tuulize pia tabibu analipwa kiasi gani, na analala wapi.