Punje Mbili za Bweranyange

Hivi umewahi kumpenda mtu bila kupajua kwao? Mimi nilikaa hivyo miaka minne. Mchumba wangu ni Mnyambo wa Karagwe, na harusi tulishaipangia ukumbi Dar.

Krismasi iliyopita akanipeleka nyumbani, Bweranyange. Baada ya ibada, mama mkwe akanionyesha vilima. Huku ndiko ilikokuwa ikulu ya Mukama Rumanyika wa ukoo wa Wahinda, aliyewapokea Speke na Grant mwaka 1861. Enzi zake kanisa halikuwepo. Leo Dayosisi ya Karagwe ya KKKT, iliyoanzishwa 1979, ina sekondari ya wasichana hapo hapo.

Ndani nikakaribishwa kahawa. Sio ya kikombe, jamani! Punje kavu za kutafuna. Kwa majirani zao Wahaya, waliochanjiana undugu wa damu zamani waligawana punje mbili za tunda moja. Mama akampa mwanawe moja, mimi moja.

"Mwanangu, huko Dar nani atakufundisha haya?"

Nikakosa jibu. Usiku tukabishana, tena sana, maana advansi ya ukumbi hairudishwi. Asubuhi tukakubaliana: ndoa inafungwa kilimani, kwa matoke na rubisi. Dar tutafanya kahafla kadogo tu. Hela imekwenda, basi.

Na ninyi je? Kabla ya kamati na kadi za michango, nendeni kwao. Kaeni, mle, msikilize. Ukumbi utakuwepo tu. Wazee hawatungoji.