Kabla ya Kukata Fulana, Vuta Kitambaa

Je, unashona? Kama unashona, bila shaka unayo karatasi ya kukatia blauzi ya kitenge. Huenda umeitumia kwa miaka mingi, na blauzi zako hukaa vizuri. Sasa mteja anakuletea kitambaa cha fulana. Anataka blauzi isiyo na vifungo, inayoshika mwili. Je, utatumia karatasi ile ile?

Mimi niliitumia, nikaharibu. Jirani yangu alikuwa ameuza pamba. Akanunua kitambaa cha fulana ili avae kwenye harusi ya mdogo wake. Nilikata kwa karatasi ya kitenge. Nguo ikawa kama gunia. Mabega yalianguka na shingo ilipwaya. Nilinunua kitambaa kingine kwa fedha yangu. Safari hii nilipunguza sana kila upande. Kumbe kitambaa cha pili kilikuwa kigumu. Nguo haikupita hata kichwani! Kesho yake ndiyo ilikuwa harusi.

Kosa langu lilikuwa moja tu. Nilipima mwili wa mtu, lakini sikupima kitambaa.

Chukua kitenge ukitazame kwa karibu. Nyuzi zimepishana, nyingine wima na nyingine mlalo. Ukikivuta, hakiendi mbali. Kwa hiyo blauzi ya kitenge lazima iwe na nafasi, ili mtu apumue na ainue mikono. Tazama sasa fulana. Uzi wake umefumwa kwa vitanzi vidogo vidogo, kama sweta. Ukivuta, vitanzi hufunguka. Ukiachia, hurudi. Fulana haihitaji nafasi kubwa, kwa sababu kitambaa chenyewe hutoa nafasi.

Lakini fulana zote hazivutiki sawa. Pima hivi. Kwanza fua kitambaa, ukikaushe, kwa maana pamba hurudi ikifuliwa. Kisha kikunje. Kwenye ukunjo weka alama mbili, zikiachana sentimita 10. Shika penye alama, uvute polepole juu ya futi yako ya kupimia. Usivute kwa hasira. Soma alama ya pili imefika wapi. Halafu achia. Je, imerudi kwenye 10? Kama imebaki kwenye 11, kitambaa hicho kimechoka, na nguo yake italegea. Pima upande mmoja, kisha upande wa pili. Upande unaovutika zaidi ndio utakaozunguka mwili.

Sasa hesabu

Mafundi wengi hupima kwa inchi. Hapa tutatumia sentimita. Tuseme kifua cha mteja ni sentimita 92. Karatasi yako ya kitenge inatoa blauzi ya sentimita 100. Karatasi ya mbele ni nusu ya mbele, na ya nyuma ni nusu ya nyuma. Kwa hiyo kila karatasi ni robo ya nguo, yaani sentimita 25. Usihesabu nafasi ya mshono.

Kama sentimita 10 zilivutika mpaka 11 tu, kitambaa ni kigumu. Acha nafasi kidogo. Nguo iwe 96, na kila karatasi iwe 24. Kama zilifika 12 au 13, nguo iwe sawa na mwili, 92. Kila karatasi iwe 23. Zikifika 15 au zaidi, nguo inaweza kuwa ndogo kuliko mwili. Iwe 88, na karatasi iwe 22.

Angalia jambo hili kwa makini. Ukipunguza sentimita 2 kwenye kila karatasi, nguo nzima imepungua sentimita 8. Hapo ndipo wengi tunapokosea.

Usikate karatasi yako ya zamani. Ichore upya juu ya gazeti kuukuu. (Hata hili, lakini jirani alisome kwanza.) Punguza ubavuni. Kisha ingiza ncha ya bega ndani kwa sentimita 1, na upandishe kwapa kwa sentimita 1. Kwapa likiwa chini, nguo yote hupanda mtu anapoinua mkono. Chora upya na mkono wa nguo. Kwa kitenge, kichwa cha mkono huwa kirefu kuliko tundu lake, nasi hukibana tunaposhona. Kwa fulana pima vyote viwili viwe sawa.

Blauzi nyingi za kitenge zina mkunjo ulioshonwa ubavuni, chini ya kwapa, ili kifua kipate nafasi. Fulana haiuhitaji. Lakini ukiuacha bila kushonwa, ubavu wa mbele utakuwa mrefu kuliko wa nyuma. Ondoa urefu huo kwenye pindo la chini. Kwa mtu mwenye kifua kikubwa ondoa nusu tu. Nusu nyingine ipunguze kwa kuvuta kidogo ubavu wa nyuma unaposhona karibu na kifua.

Shingo ndiyo iliyoniumiza mimi. Ukanda wa shingo lazima uwe mfupi kuliko tundu la shingo, la sivyo utapwaya. Tundu likiwa na sentimita 50, ukanda uwe kama 43, pamoja na nafasi ya kuunga. Lakini ukanda huo lazima upite kichwani, na kichwa cha mtu mzima ni kama sentimita 56! Kwa hiyo kabla ya kuushona, ufunge kwa pini, umvishe mteja kichwani. Ukikataa kupita, ongeza tundu la shingo na urefushe ukanda.

Katika kushona, tafuta sindano ya fulana, ambayo ncha yake ni ya mviringo. Sindano kali hukata vitanzi, na tundu hutokea baada ya kufua. Cherehani nyingi za miguu hushona mstari ulionyooka tu. Mshono huo hukatika fulana ikivutwa. Basi legeza uzi kidogo, tumia uzi wa poliesta, na uvute kitambaa kidogo unaposhona ubavuni. Mabegani usivute. Hapo shona pamoja na utepe mwembamba wa pamba, ili mabega yasirefuke.

Jirani yangu alikwenda harusini na gauni la kuazima. Blauzi ya tatu niliikata wiki mbili baadaye, kwa kitambaa nilichonunua mimi. Sasa huivaa akienda gulioni.